Umefeli mtihani wa urubani? Usiufiche

Ndege ndogo ya injini moja iko futi 1,000 juu ya ardhi. Njia ya kurukia inapita upande wa kushoto, sambamba na bawa. Mtahini, ambaye tangu asubuhi amekuwa akiandika tu kwenye karatasi aliyoilaza pajani, anaonyesha kwa kidole mistari mipana myeupe iliyochorwa kwenye lami.

"Hesabu injini imekufa. Utue pale."

Mwanafunzi anarudisha nguvu ya injini mpaka mwisho. Mngurumo unazimika, unabaki mvumo wa hewa kwenye mabawa. Kuanzia hapo haruhusiwi kuongeza nguvu. Alichonacho ni kimo kile, kona za kukata na upepo wa kukadiria. Magurudumu yakigusa chini kabla ya alama, hata kwa hatua moja, amefeli. Yakigusa zaidi ya futi 200 baada ya alama, yaani kama mita 60, amefeli. Ndivyo kinavyosema kiwango cha Marekani cha leseni ya rubani wa biashara, na zoezi hili linaogopwa na watahiniwa kuliko mengi.

Tuseme mwanafunzi huyu ni kijana wa Moshi aliyekwenda kusomea Florida. Upepo wa mbele ni mkali kuliko alivyodhani. Amekata kona akiwa mbali mno. Anaiona ile alama ikipanda juu kwenye kioo, na anaijua maana yake: hafiki. Mkono unasukuma nguvu ya injini kabla akili haijaamua. Ndege inainuka kidogo, inatua palepale penye alama, tena kwa ulaini wa kupigiwa makofi. Mtahini anaandika mstari mmoja. Kijana amefeli.

Jioni simu inaita. Ni mama yake. Nyuma ya simu hiyo kuna kipande cha shamba kilichouzwa, mkopo wa chama cha akiba, na mchango wa shangazi na wajomba uliofanyika sebuleni mwaka juzi.

"Vipi mtihani, baba?"

"Shikamoo mama. Upepo ulikuwa mbaya, wameahirisha."

Ni uongo mdogo, na ndani yake kuna huruma ya mtoto kwa mzazi. Lakini ukiwauliza wachunguzi wa ajali za ndege ni nini kinachowatia wasiwasi katika historia ya rubani, hawatakuonyesha ile kona aliyoikosea. Watakuonyesha ile simu. Kufeli mtihani hakumalizi kazi ya urubani. Kinachoimaliza, na mara chache kikaondoka na abiria pia, ni kufeli kulikofichwa. Waswahili walikwisha kulisema kabla ya ndege kuwapo: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wanaofeli ni wengi

Kwanza tuondoe aibu isiyo na msingi. Marekani, nchi inayofundisha marubani wengi kuliko nyingine, takwimu za mamlaka yake ya anga, FAA, zimeonyesha kwa miaka mingi kuwa takribani mtahiniwa mmoja kati ya wanne au watano hafaulu mtihani wa vitendo mara ya kwanza. Na mtihani si mmoja. Kuna wa leseni ya rubani binafsi, wa kuruka kwa kutegemea vyombo bila kuona nje, wa leseni ya biashara, wa ndege ya injini mbili, na kwa wengi, wa ukufunzi.

Fanya hesabu ya haraka. Mtu mwenye nafasi ya kufaulu ya asilimia 80 katika kila mtihani, uwezekano wa kufaulu mitano mfululizo bila kuteleza hata mara moja ni kama theluthi moja tu. Hesabu hiyo ni ya kukadiria, maana aliyeandaliwa vizuri huelekea kufaulu yote na aliyeandaliwa vibaya hujikwaa kila mahali. Hata hivyo inatosha kutuambia jambo moja: kati ya makapteni wanaokutangazia hali ya hewa ya mji unakokwenda, wamo wengi waliowahi kushushwa kwenye ndege wakiwa wameinamisha kichwa.

Tena wanaofelishwa na mikono si wote. Mtihani wa vitendo huanzia mezani, kwa maswali ya mdomo. Mtahini anaweza kukuwekea vitabu vya matengenezo ya ndege akakuambia: nionyeshe kwamba chombo hiki kinaruhusiwa kuruka leo. Asiyejua ukaguzi wa mwisho ulifanyika lini, au hati ipi lazima iwemo ndani ya ndege, huweza kumaliza mtihani wake bila kuwasha injini. Mwingine hukosea kwa kuingia anga inayodhibitiwa kabla mnara haujamruhusu. Mwingine hujua kila kitu, lakini akiambiwa akate kona kali ya nyuzi 50 huku akilinda kimo kisipungue wala kuzidi futi 100, jasho humtoka na kimo kikateleza.

Siku 60

Yanayofuata baada ya kufeli hayatishi kama wengi wanavyodhani. Kwa kanuni za Marekani, mtahini hutakiwa kukuambia palepale kwamba hukufaulu, na unaweza kuendelea na mazoezi yaliyobaki ukitaka. Utapewa ilani ya kukataliwa, karatasi ambayo marubani wa huko bado huiita kwa rangi yake ya zamani, ya waridi. Ndani yake huandikwa ni sehemu gani hasa zilizokushinda. Unarudi kwa mkufunzi, anakufundisha upya sehemu hizo, anatia sahihi kwamba sasa uko tayari, unakwenda tena. Ukirudi ndani ya siku 60, yale uliyofaulu yanaweza kuhesabiwa, na ukatahiniwa yaliyobaki tu. Ulaya nako mtihani umegawanywa kwa sehemu, na aliyeanguka sehemu moja huweza kurudia hiyo peke yake.

Kuna mlango mwingine ambao wanafunzi wengi huusahau. Hali ya hewa ikibadilika, ndege ikiwa na hitilafu au mtahiniwa akiugua, mtihani unaweza kusitishwa, akapewa barua ya kusitisha, na hiyo haihesabiwi kuwa ni kufeli. Yaani yale maneno aliyomwambia mama yake, kwamba upepo ulikuwa mbaya wakaahirisha, yangeweza kuwa ya kweli. Kijana wetu alikuwa na ruhusa ya kuutazama upepo ule asubuhi na kusema: leo sipandi. Angelisema mapema lingekuwa busara ya rubani. Alilisema jioni, likawa uongo.

Wakufunzi wazoefu huwaambia wanafunzi wao kwamba kusema "sipandi" ni sehemu ya mtihani hata kama haikuandikwa kwenye orodha. Abiria wa kesho hatajua ni mara ngapi kapteni wake alikataa kuruka. Atajua tu kwamba alifika.

Mistari iliyoachwa wazi

Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air namba 3407 iliyotoka Newark ilikuwa ikishuka kuelekea Buffalo, jimbo la New York. Mwendo ulipungua kuliko inavyotakiwa. Usukani ukaanza kutikisika mikononi mwa kapteni, kama ulivyoundwa ufanye, kumwonya kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege. Dawa yake hufundishwa tangu wiki za mwanzo za darasa: sukuma usukani mbele, ongeza nguvu, mwendo urudi. Yeye alivuta. Ndege iliangukia nyumba katika kitongoji cha Clarence Center. Walikufa watu 50: wote 49 waliokuwamo, na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, iliweka chanzo cha ajali kwenye namna kapteni alivyoliitikia lile onyo. Haikusema kwamba mitihani ya zamani ndiyo iliyoangusha ndege. Lakini ilipofungua historia yake, ilikuta kwamba alikuwa amefeli mitihani ya vitendo mara kadhaa, na kwamba alipoomba kazi alitaja mmoja tu kati ya mitatu aliyokuwa amefeli kabla ya kuajiriwa. Kampuni haikujua mingine. Kama haikujua, isingeweza kumwekea mafunzo ya ziada pale alipokuwa dhaifu. Hapo ndipo penye uchungu: kile ambacho yeye alikiona kama fedheha ya kufutwa, mwajiri angeweza kukisoma kama ramani ya mahali pa kumsaidia.

Sheria ilitungwa mwaka 2010, ikidai pamoja na mambo mengine kwamba iundwe hifadhi moja ya kumbukumbu za marubani. Miaka ikapita. Tarehe 23 Februari 2019, ndege ya mizigo ya Atlas Air, Boeing 767 namba 3591 kutoka Miami, ilitumbukia katika Ghuba ya Trinity, Texas, ikiwa karibu kufika Houston. Wote watatu waliokuwamo walikufa. Uchunguzi ulionyesha kuwa mfumo wa kupaa upya uliwashwa kwa bahati mbaya, rubani msaidizi akachanganyikiwa na kuielekeza ndege chini kwa nguvu. NTSB ilipopekua nyuma, ikakuta tena yale yale: rubani huyo alikuwa na historia ya kushindwa mafunzo kwa waajiri waliotangulia, na katika maombi yake ya kazi alikuwa ameificha sehemu yake. Bodi iliilaumu pia FAA kwa kuchelewa kuunda ile hifadhi iliyoamriwa na sheria.

Kanuni ya hifadhi hiyo ilitoka mwaka 2021. Leo kampuni ya ndege ya Marekani haiwezi kumpandisha rubani mpya kazini kabla ya kupitia kumbukumbu zake humo, zikiwamo ilani za kukataliwa. Rubani mwenyewe hutoa kibali chake zisomwe, anaweza kuziona, na anaweza kudai zirekebishwe kama zina kosa. Kwa lugha nyepesi, muda wa kuficha umepita. Aliyeacha mstari wazi kwenye fomu sasa hagombani na kumbukumbu ya mtu bali na kompyuta.

Kumbukumbu ni ya kusomwa

Sisi wa Afrika Mashariki tuna jeraha letu. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways namba 507, Boeing 737-800 iliyokuwa ikitoka Abidjan kwenda Nairobi kupitia Douala, ilipaa kutoka Douala katika giza na mvua. Ilianza kuinamia upande mmoja polepole, bila mtu kugundua mapema, ikaanguka kwenye kinamasi cha mikoko kilomita chache kutoka uwanjani. Watu wote 114 walikufa.

Ripoti ya wachunguzi wa Cameroon ilisema marubani walipoteza udhibiti kwa kupotewa na hisia ya mwelekeo, katika usiku usio na kitu cha kuona nje, bila kuvitazama vyombo ipasavyo, huku uratibu kati ya wawili hao ukiwa hafifu na kukiwa na mkanganyiko kuhusu mtambo wa kuendesha ndege wenyewe. Katika mapitio ya jalada la mafunzo la kapteni, ripoti ilionyesha kuwa wakufunzi walikwisha kuandika dosari zake. Hapa hakukuwa na mtu aliyeacha mstari wazi kwenye fomu. Maandishi yalikuwapo.

Funzo la Douala kwa hiyo linawaendea waajiri na shule zaidi kuliko wanafunzi. Jalada lililojaa na kabati lililofungwa ni vitu viwili vinavyokaa pamoja kwa urahisi. Mkufunzi akiandika kwamba mtu anachelewa kutazama vyombo, kuna mwingine anayepaswa kulisoma neno hilo na kuuliza: tumemfanyia nini tangu siku hiyo? Tukitaka vijana waseme ukweli juu ya kufeli kwao, lazima waone kwamba ukweli huo unafuatwa na mafunzo, si kufukuzwa tu wala kuzikwa kabatini.

Masahihisho madogo madogo

Mtu anayenipa moyo katika habari hii hakutoka kwenye ndege za abiria. Scott Kelly alikuwa mwanafunzi wa kubabaisha shuleni, kwa maneno yake mwenyewe, mpaka aliposoma kitabu cha Tom Wolfe kuhusu marubani wa majaribio. Akaingia jeshi la majini la Marekani, akapelekwa kwenye ndege ya kivita aina ya F-14. Kutua kwenye meli ya kubeba ndege ni mtihani ambao hauna mfano: njia ya kurukia ni fupi, inakwenda, na usiku haionekani mpaka uikaribie. Mara ya kwanza alipotahiniwa, Kelly alifeli. Alijiuliza kama kazi hiyo inamfaa.

Mwenzake mmoja aliyeruka naye alimtazama, akamwambia kitu ambacho Kelly amekuwa akikisimulia mpaka leo. Kwamba anaruka vizuri, lakini akishaipata njia na kimo anaridhika, anatulia, anaacha kusahihisha, na kosa linakua kimyakimya. Dawa ni kutoridhika: kusogeza usukani kidogo, tena kidogo, muda wote, hata pale mambo yanapoonekana kuwa sawa. Alirudi akafaulu. Desemba 1999 alikuwa rubani wa chombo cha anga za juu kilichokwenda kutengeneza darubini ya Hubble, na kati ya Machi 2015 na Machi 2016 alikaa siku 340 mfululizo katika kituo cha kimataifa cha anga za juu.

Tazama kilichomwokoa. Hakuambiwa ajitahidi zaidi, neno ambalo halimfundishi mtu kitu. Aliambiwa kosa lake lina umbo gani. Na hilo liliwezekana kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa wazi mbele ya watu. Fundi anayelijua tatizo huanza kazi asubuhi. Asiyelijua hushinda akifungua na kufunga boneti.

Ndiyo maana usiku wa siku ya kufeli usipite hivihivi. Kaa na daftari kabla ya kulala, uandike kila kitu wakati bado kibichi: upepo ulitoka wapi, kona uliianza lini, macho yalikuwa wapi, mkono ulifanya nini, mtahini alisema nini hasa. Kesho yake mpe mkufunzi ukurasa huo. Baada ya mwezi kumbukumbu itakuwa imejipaka poda, na utajikuta unamlaumu mtahini.

Kutoka Florida hadi Wilson

Vijana wetu husomea mahali pengi. Wapo wanaokwenda Marekani na Afrika Kusini. Wapo wanaopitia Soroti, Uganda, chuo kilichoachwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Wengi huishia au huanzia Wilson, Nairobi, uwanja uliobeba jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya ndege jijini humo mwaka 1929. Barabara ya Langata iko upande mmoja, mbuga ya wanyama upande wa pili, na siku nzima ndege za mafunzo hupanga foleni na zile zinazopeleka watalii Mara.

Anayetoka Florida kuja Wilson hukutana na mtahini ambaye hakumtarajia: hewa. Florida iko karibu na usawa wa bahari. Wilson iko kama futi 5,500 juu yake. Hewa ya huko ni nyepesi. Injini hupungukiwa nguvu, njia ya kupaa hurefuka, na kipima mwendo kinaposoma namba ileile ya Florida, ndege kwa kweli inakwenda kasi zaidi kwa karibu asilimia kumi. Unapokuja kutua, lami inakimbia chini yako kuliko ulivyozoea. Mzoefu wa pwani huona ndege inaelea na kuelea, haitaki kukaa. Wapo wanaofelishwa na hilo tu katika mtihani wa kubadilisha leseni, nao si marubani wabaya. Ni wageni wa mwinuko.

Kubadilisha leseni nako kunatukumbusha jambo lile lile. Mamlaka za nchi zetu, kama TCAA ya Tanzania na KCAA ya Kenya, hazikubali karatasi kwa kuitazama sura. Huwasiliana na mamlaka iliyoitoa kuithibitisha. Dunia ya anga ni kijiji kidogo: mtahini wa leo alikuwa mkufunzi wa jana wa mkuu wa marubani wa kesho. Siri haina pa kulala.

Na kazi baada ya leseni? Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga vinataka saa 200 za kuruka kwa leseni ya biashara, au 150 kwa aliyesoma kozi iliyoidhinishwa. Kwa leseni ya juu, ile ya kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, zinatakiwa saa 1,500. Kati ya namba hizo mbili kuna jangwa, na ndilo linalowashinda wengi kuliko mtihani wowote. Wanaolivuka huanza kwa kufundisha wengine, au kwa kukaa kiti cha kulia cha Cessna Caravan inayoshuka kwenye viwanja vya vumbi Serengeti, Mara na Selous, ikivuka maji kwenda Zanzibar na Mafia, au ikibeba mizigo na miraa kuelekea kaskazini.

Njia ya ukufunzi inamfaa kwa namna ya pekee mtu aliyewahi kufeli. Anayefundisha kona ya kutua bila injini mara 300 kwa mwaka, huku akimweleza mwanafunzi kwa nini alama ikipanda juu kwenye kioo maana yake hufiki, hana tena tatizo na kona hiyo. Na mwanafunzi humwamini, kwa sababu alikwisha kuanguka palepale.

Swali la chumba cha usaili

Mwisho wa yote kuna meza, watu watatu wenye majalada, na swali ambalo haliepukiki: umewahi kufeli mtihani wowote wa kuruka?

Mmoja hujibu: "Ndiyo, lakini mtahini yule anajulikana kwa ukali, na upepo siku ile haukuwa wa kawaida." Kila neno linaweza kuwa kweli, na bado ameshindwa. Wanaomsikiliza wanajiuliza: huyu siku akikosea na abiria 70 nyuma, atamlaumu nani?

Mwingine hujibu: "Ndiyo, mara moja, leseni ya biashara. Nilikata kona nikiwa mbali, nikaongeza nguvu ya injini wakati sikuruhusiwa. Nilikuwa sijazoea kusoma upepo nikiwa juu. Nilirudi na mkufunzi tukafanya zoezi hilo tu siku tatu, nikafaulu. Tangu hapo nautazama upepo kabla sijafika usawa wa alama." Amesema kosa, sababu, dawa na matokeo. Kisha amenyamaza. Hiyo kunyamaza nayo ni jibu.

Tusidanganyane kuwa kila kufeli kunasameheka. Wanaoajiri hutazama mwelekeo. Mara moja ni ajali ya njiani. Mara mbili kwa mambo tofauti huhitaji maelezo. Kosa lile lile likirudi katika mitihani minne linasema kwamba kuna kitu hakijafundishika, na mkufunzi mwaminifu ana wajibu wa kumwambia mwanafunzi hivyo kabla shamba la pili halijauzwa. Kuna heshima katika kuwa mhandisi wa ndege, mwongozaji wa ndege mnarani au mpangaji wa safari. Wote wanafanya kazi ya anga.

Mitihani 80

Jambo ambalo familia nyingi hazijui ni kwamba leseni haimalizi mitihani. Rubani wa ndege ya abiria hurudishwa kwenye simuleta mara mbili kwa mwaka, akawashiwa moto wa injini usio wa kweli na kuzimiwa vyombo gizani, akitazamwa na mtu mwenye kalamu. Kikomo cha umri kwa ndege zenye marubani wawili kimataifa ni miaka 65. Anayeanza akiwa na miaka 25 ana mitihani kama 80 mbele yake. Aliyejifunza kuficha ule wa kwanza ana mzigo wa kubeba mara 80. Aliyejifunza kuutaja, kuuchambua na kuurudia ana ujuzi atakaoutumia mpaka siku ya kustaafu.

Kwa hiyo mwisho wa makala haya nawageukia wazazi, walezi na wote tunaochanga. Tunapochangia ada ya mtoto wa urubani tunafanya jema, lakini mara nyingi tunamfunga na mchango wetu. Tunamfanya aone kuwa kufeli ni kuuangusha ukoo. Mtoto anayeogopa kumwambia mama yake kwamba amefeli ndiye yule yule ambaye baada ya miaka kumi ataogopa kumwambia kapteni wake kwamba hakuielewa amri ya mnara. Ukweli wa kwenye chumba cha rubani huanza kufundishwa sebuleni.

Siku mtoto wako akikupigia kutoka Florida, Johannesburg, Soroti au Wilson, akakwambia kwa sauti iliyokwama kwamba amefeli, usimuulize ilikuwaje, usimkumbushe shamba. Mshukuru kwa kukwambia. Kisha muulize swali moja tu: unarudia lini?